Mlinganyo hukosewa wapi: yale yanayoonekana kwenye madaftari ya aljebra

Lipe darasa swali moja tu, 4x = 12, kisha kusanya madaftari. Wako watakaoandika 3, na hao hawana shida. Wengine wataandika 8. Na wapo, tena si wachache, watakaoandika −3. Hilo la 8 na hilo la −3 hayatokani na uzembe. Yote mawili yanatoka kwenye kanuni moja ambayo wanafunzi hao wamefundishwa na wameishika vizuri: "namba ikivuka alama ya sawasawa, inageuka." Wa kwanza ameiona 4 upande wa kushoto, akaivusha, ikageuka kuwa −4, akapata 12 − 4. Wa pili anakumbuka kwamba hapa pana kugawanya, basi akaivusha 4, ikageuka −4, akagawanya 12 kwa −4. Kanuni wameitii. Ila haikuwaambia inafanya kazi lini, wala kwa nini.

Ndiyo maana sisi tunaofundisha na kusahihisha hisabati kuanzia darasa la sita hadi kidato cha kwanza tunaikwepa kabisa lugha ya kuvusha na kuhamisha kwa wiki za mwanzo. Hakuna namba inayohama. Kinachofanyika ni kwamba pande zote mbili za alama ya sawasawa zinatendewa jambo lilelile. Katika x + 4 = 12, ile 4 haikwenda popote: tumetoa 4 kushoto, tukatoa 4 kulia. Katika 4x = 12, tumegawanya kwa 4 kushoto, tukagawanya kwa 4 kulia. Kabla ya kuandika mstari unaofuata, mwanafunzi ajiulize: x imefanywa nini? Imejumlishiwa 4? Basi toa 4. Imezidishwa kwa 4? Basi gawanya kwa 4. Akishaweza kulijibu swali hilo kwa mdomo bila kusita, njia ya mkato ataigundua mwenyewe, na wakati huo haitamdhuru.

Tuchukue mlinganyo wenye herufi pande zote mbili na tuuandike kama unavyopaswa kuonekana kwenye daftari:

7x − 4 = 3x + 20
7x − 3x − 4 = 3x − 3x + 20 … toa 3x pande zote
4x − 4 = 20
4x − 4 + 4 = 20 + 4 … jumlisha 4 pande zote
4x = 24
x = 6 … gawanya kwa 4 pande zote

Kuna mambo ya kuangalia hapo. Kila mstari una tendo moja, na tendo hilo limeandikwa pembeni kwa maneno. Alama za sawasawa nazo zishuke zikiwa zimepangana, moja chini ya nyingine; daftari la miraba linasaidia sana kwa hili. Wanafunzi hulalamika kwamba ni kazi ndefu, na kweli ni ndefu. Lakini anayefanya matendo mawili kwenye mstari mmoja akikosea hawezi kujua lipi kati ya hayo mawili limemwangusha, na mwalimu naye hawezi kumpa maksi za hatua ambayo haikuandikwa.

Kwa nini tumetoa 3x na si 7x? Ukitoa 7x hujakosea. Utapata −4 = −4x + 20, kisha −24 = −4x, kisha x = 6, jibu lilelile. Tofauti ni kwamba sasa unagawanya hasi kwa hasi, na hapo ndipo ishara hupotea. Ondoa kipande chenye x ndogo, kile kitakachobaki kitakuwa chanya. Ukikuta −2x upande mmoja na 5x upande mwingine, kidogo ni −2x, nacho huondoka kwa kujumlisha 2x.

Kosa jingine la uandishi halibadilishi jibu, na kwa hiyo walimu wengi hulipitia tu. Mwanafunzi anatatua 3x + 5 = 20 hivi:

3x + 5 = 20 − 5 = 15 ÷ 3 = 5

Jibu la mwisho ni 5, na 5 ni sahihi. Lakini usome mstari huo kama ulivyo: unasema 20 − 5 ni sawa na 15 ÷ 3, yaani 15 ni sawa na 5. Huyu anaichukulia alama ya sawasawa kama amri ya "toa jibu," jinsi alivyoizoea tangu darasa la kwanza. Kumpima ni rahisi. Mwandikie 8 + 4 = □ + 5 na umwache ajaze kisanduku. Akiweka 12, au akiweka 17, basi tatizo lake haliko kwenye x, na hata ukimfundisha milinganyo kwa mwezi mzima utakuwa unajenga juu ya mchanga. Kisanduku hicho kinataka 7, kwa sababu pande mbili lazima ziwe na thamani moja. Robert Recorde, tabibu wa Wales aliyeichapisha alama hiyo kwa mara ya kwanza mwaka 1557, alichora mistari miwili sambamba kwa hoja kwamba hakuna vitu viwili vinavyoweza kulingana kuliko hivyo. Hoja yake bado ni maelezo bora ya alama hiyo kuliko mengi yaliyomo vitabuni.

Mizani ya sokoni husaidia kulieleza hili: ukipunguza kilo upande mmoja bila kupunguza upande wa pili, inalala. Itumieni, lakini mjue mwisho wake. Ikifika 3x = −12, hakuna jiwe la kilo hasi la kuweka kwenye sahani. Tunaitumia kwa siku za mwanzo tu, kisha tunabaki na kauli yenyewe: tendo moja, pande zote.

Sasa MAGAZIJUTO, kifupisho cha mpangilio wa kufanya matendo. Mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Kila mtoto aliyesoma shule ya msingi Tanzania anayo kichwani, na ni msaada mkubwa. Shida ni kwamba wengi huisoma kama ngazi ya vipago vitano, kila kimoja juu ya mwenzake. Kwenye GAZI usomaji huo hauna madhara. Chukua 12 × 6 ÷ 2: ukianza na kugawanya unapata 12 × 3 = 36, ukienda kushoto kwenda kulia unapata 72 ÷ 2 = 36. Lakini kwenye JUTO mambo ni mengine. Katika 12 − 5 + 3, anayejumlisha kwanza anapata 12 − 8 = 4. Jibu ni 10. Kujumlisha na kutoa ni ndugu wa rika moja; vinafanywa kwa kufuata mstari, kutoka kushoto.

Kosa hilo la darasa la tano likiachwa, linamfuata mtoto hadi kwenye aljebra likiwa limevaa nguo nyingine. Mpe 9 − 4x + 2x arahisishe. Atakuandikia 9 − 6x, kwa sababu amejumlisha 4x na 2x kwanza, kisha akatoa. Jibu sahihi ni 9 − 2x. Dawa yake ni kumzoesha kwamba ishara ni mali ya kipande kinachoifuata. Akate mstari kwa penseli: 9, halafu −4x, halafu +2x. Vipande vikishakuwa na ishara zao, unaweza kuvipanga upya utakavyo na hakuna kinachoharibika. Hapohapo ndipo unapomwonesha kwamba 9 na −2x haviunganishwi tena. Kuandika 7x ni kosa, na huwa linafanywa na mtoto anayeona kwamba jibu lenye alama ya kutoa ndani yake bado "halijakwisha." Mwambie wazi: 9 − 2x ni jibu kamili.

Mabano yenye ishara ya kutoa mbele yake ndiyo mahali ambapo maksi nyingi zaidi hupotelea. Tazama 12 − 3(x − 2) = 6. Kuna njia mbili za kuharibu. Ya kwanza ni kutoa 3 kwenye 12 kabla ya kufungua mabano, upate 9(x − 2) = 6. Huyo amesahau kwamba 3 imeshikana na mabano kwa kuzidisha, na ZI inatangulia TO. Ya pili ndiyo maarufu: 12 − 3x − 6 = 6. Ameizidisha 3 na x, akaizidisha 3 na 2, akasahau kwamba kinachozidisha ni −3, na kwamba −3 mara −2 ni +6. Njia salama ni hii:

12 − 3(x − 2) = 6
12 − 3x + 6 = 6 … fungua mabano kwa −3
18 − 3x = 6
−3x = −12 … toa 18 pande zote
x = 4 … gawanya kwa −3 pande zote

Tunawashauri wanafunzi wachore vimishale viwili kutoka kwenye −3, kimoja kwenda kwenye x, kingine kwenda kwenye −2, na waandike ishara ya kila zao kabla ya kuandika namba. Ishara kwanza, namba baadaye.

Hakiki: 12 − 3(4 − 2) = 12 − 6 = 6. Sawa.

Na hapa tukae kidogo, maana kuhakiki ndiyo kazi inayodharauliwa kuliko zote. Watoto wengi hudhani ni pambo la mwisho, kitu cha kufanya ukibakiwa na muda. Kumbe kuhakiki kunakoshindikana kuna habari ndani yake. Mwanafunzi aliyeandika 12 − 3x − 6 = 6 atapata x = 0. Akirudisha 0 kwenye mlinganyo wa mwanzo atapata 12 − 3(0 − 2) = 18, badala ya 6. Amezidi kwa 12. Kwa nini 12? Kwa sababu kuna kipande cha 6 alichokigeuza ishara: kilipaswa kuongeza 6, yeye amekifanya kipunguze 6, na umbali kati ya hayo mawili ni 12. Ni vivyo hivyo kwa aliyekosea 5x − 7 = 18 akaandika 5x = 11. Atapata x = 2.2, na akihakiki atapata 11 − 7 = 4. Tofauti kati ya 18 na 4 ni 14, yaani mara mbili ya 7. Ukiona pengo ambalo nusu yake ni namba iliyomo kwenye swali, nenda moja kwa moja kwenye namba hiyo uangalie ishara yake. Huna haja ya kurudia kazi yote.

Masharti ya kuhakiki ni mawili. Rudisha jibu kwenye mlinganyo wa kwanza kabisa, usiurudishe kwenye mstari wa tatu au wa nne. Kosa likiwa kwenye mstari wa pili, mistari yote ya chini itakubaliana na jibu baya bila aibu. Na unapoiweka namba mahali pa x, iweke ndani ya mabano, hasa ikiwa hasi. Thamani ya 5 − 2x pale x = −3 ni 5 − 2(−3) = 5 + 6 = 11. Asiyeweka mabano huandika 5 − 2 − 3 na kupata 0. Vilevile kwenye kipeo: x² pale x = −3 ni (−3)², yaani 9.

Sehemu huwatisha watu bila sababu, kwa kuwa kuna hatua moja inayoziondoa zote kwa mkupuo. Tafuta KDS (kigawe kidogo cha shirika) ya asili zote, yaani namba za chini ya mstari wa sehemu, uzidishe kila kipande kwa hiyo KDS.

x/3 + (x − 1)/2 = 7

KDS ya 3 na 2 ni 6. Sita mara x/3 ni 2x. Sita mara (x − 1)/2 ni 3(x − 1). Sita mara 7 ni 42.

2x + 3(x − 1) = 42
2x + 3x − 3 = 42
5x − 3 = 42
5x = 45
x = 9

Hakiki: 9/3 ni 3, na (9 − 1)/2 ni 4, jumla 7.

Neno zito hapo ni "kila kipande." Ile 7 haina asili inayoonekana, kwa hiyo mwanafunzi huiacha ilivyo na kuandika 2x + 3(x − 1) = 7. Hapo anapata 5x = 10, x = 2. Akihakiki: 2/3 + 1/2 = 7/6. Alitakiwa kupata 7, amepata 7 iliyogawanywa kwa 6. Ile 6 aliyokataa kuizidisha imejitokeza yenyewe chini ya mstari.

Kosa la pili kwenye sehemu ni la mabano yasiyoonekana. Mstari wa sehemu hufanya kazi ya mabano: vyote vilivyo juu yake ni kitu kimoja. Ukiufuta mstari, lazima uyachore mabano yaliyokuwa yamefichwa. Ikiwa mbele ya sehemu kuna ishara ya kutoa, hatari inakuwa mara mbili, kama hapa:

x/2 − (x − 3)/5 = 3
5x − 2(x − 3) = 30 … zidisha kila kipande kwa 10
5x − 2x + 6 = 30
3x = 24
x = 8

Aliyesahau mabano ataandika 5x − 2x − 3 = 30 na kupata 11. Aliyeyakumbuka mabano lakini akasahau ishara ataandika 5x − 2x − 6 = 30 na kupata 12. Tukiona 11 tunajua la kumwambia, na tukiona 12 tunajua la kumwambia, na si jambo moja.

Tuje kwenye mafumbo ya maneno. Wazazi wengi husema "mtoto wangu anaweza hesabu ila mafumbo hawezi." Mara nyingi mtoto huyo ameanza kuandika x kabla hajaamua x ni kitu gani. Al-Khwarizmi, aliyeandika kitabu chake cha aljebra Baghdad katika karne ya 9, hakuwa na x wala alama ya sawasawa. Aliandika kila kitu kwa maneno, hata namba zenyewe. Hakuna aibu basi mwanafunzi naye kuanza kwa maneno: "bei ya kalamu moja kwa shilingi = k." Sentensi hiyo tunaidai. Tukikuta "k = kalamu" tunairudisha, kwa sababu herufi inasimama badala ya namba, haisimami badala ya kitu.

Anayedhani m ni mbuzi ataingia kwenye mtego huu: zizini, mbuzi ni mara tatu ya ng'ombe, na jumla yao ni 48. Watu wazima na shahada zao huandika 3m = n, wakifuata mpangilio wa maneno: mbuzi watatu kwa ng'ombe mmoja. Inasikika sawa. Ila ukiisoma kama namba, inasema idadi ya mbuzi ukiizidisha kwa tatu ndiyo unapata ng'ombe, yaani ng'ombe ndio wengi. Atapata mbuzi 12 na ng'ombe 36. Na tazama ubaya wake: jumla ni 48, na 3 mara 12 ni 36, kwa hiyo ukihakiki kwenye mlinganyo wake, unapita. Kwenye mafumbo, mlinganyo wenyewe huenda ndio mbovu. Jibu lirudishwe kwenye maneno ya swali: je, mbuzi ni wengi kuliko ng'ombe? Kinga ni kujaribu namba kabla ya kuandika herufi. Tuseme ng'ombe ni 10, mbuzi watakuwa 30. Ili nipate mbuzi nimezidisha ng'ombe kwa tatu; basi m = 3n. Kisha 3n + n = 48, 4n = 48, n = 12. Ng'ombe 12, mbuzi 36.

Kuna jozi nyingine ya kuangalia, nayo ni kuzidi na kuzidisha. "Urefu wa mstatili umezidi upana kwa sm 5" ni kujumlisha: urefu = u + 5. Kila mwaka wapo wanaoandika 5u. Swali likisema mzingo ni sm 54, kazi inaenda hivi:

2(u + u + 5) = 54
2(2u + 5) = 54
2u + 5 = 27 … gawanya kwa 2 pande zote
2u = 22
u = 11

Upana ni sm 11, urefu sm 16. Aliyeandika 5u atapata upana 4.5 na urefu 22.5, ambao mzingo wake ni 54 kweli, lakini urefu umezidi upana kwa 18. Ni hadithi ileile ya mbuzi: mlinganyo unakubali, swali linakataa. Aliyesahau kwamba mstatili una pande mbili mbili ataandika u + u + 5 = 54 na kupata 24.5. Na yule aliyefanya kila kitu sawasawa huenda akaandika "jibu ni 11" wakati swali lilitaka eneo, ambalo ni sm za mraba 176. Pigia mstari kile kinachoulizwa kabla hujaanza. Kwenye maswali ya kuchagua, 11 itakuwepo kati ya majibu, inakusubiri.

Mafumbo ya umri yana ugonjwa wao mmoja: kuongeza miaka kwa mtu mmoja tu. Baba ana miaka 41, mtoto 11. Baada ya miaka mingapi baba atakuwa na umri mara mbili ya wa mtoto? Wote wawili wanazeeka. Kwa hiyo 41 + x = 2(11 + x), na mabano ni lazima. Inafunguka 41 + x = 22 + 2x, x = 19; baba 60, mtoto 30. Anayeandika 41 + x = 2 × 11 anapata −19, na hapo ingetosha kusimama. Anayeacha mabano, 41 + x = 2 × 11 + x, anabaki na 41 = 22 na kuanza kufuta.

Vipi kuhusu anayebahatisha? Walimu wengine humkaripia. Sisi hatumkaripii, ila tunamwonesha mpaka wake. Katika hati ya mafunjo ya Rhind, iliyonakiliwa Misri na mwandishi Ahmose yapata mwaka 1550 kabla ya Kristo na ambayo sasa imehifadhiwa British Museum, swali la 24 linataka namba ambayo ikijumlishwa na sehemu yake ya saba inakuwa 19. Njia yao ni kubahatisha kwa akili: jaribu 7. Saba na sehemu yake ya saba ni 8. Tunataka 19, si 8. Basi zidisha 7 kwa 19/8, unapata 16 na 5/8. Jibu ni sahihi. Inafanya kazi kwa sababu kila kipande upande wa kushoto kina x ndani yake: ukikuza x mara mbili, jumla nayo inakua mara mbili. Ijaribu njia hiyo kwenye 3x + 5 = 20 uone inavyokwama. Jaribu x = 1, unapata 8; zidisha 1 kwa 20/8, unapata 2.5, hakiki, 7.5 + 5 = 12.5. Ile 5 inayosimama peke yake haikui pamoja na x. Iondoe kwanza, ubaki na 3x = 15, ndipo kubahatisha kwa Ahmose kutafanya kazi tena.

Mwisho ni sifuri, ambayo ina matatizo yake. 5x = 0 lina jibu, nalo ni x = 0; wengi huandika "haina jibu" kwa kudhani sifuri ni kutokuwepo. 5x = 2x nalo jibu lake ni 0. Anayegawanya pande zote kwa x anabaki na 5 = 2 na kusema swali limekosewa, kumbe amegawanya kwa sifuri bila kujua. Atoe 2x pande zote, abaki na 3x = 0. Kanuni ya kugawanya pande zote kwa kitu kimoja ina sharti hilo moja: kitu hicho kisiwe sifuri, na herufi usiyoijua thamani yake inaweza kuwa sifuri.

Halafu kuna milinganyo ambamo x inatoweka. Katika 2x + 3 = 2x + 5, ukitoa 2x pande zote unabaki na 3 = 5. Hakuna namba itakayoufanya uwe kweli. Andika "haina jibu" na uendelee. Katika 2(x + 3) = 2x + 6 unabaki na 6 = 6, na hapo namba yoyote ni jibu: jaribu 1, jaribu 100, jaribu −7. Usiandike x = 6 kwa sababu tu 6 ndiyo namba iliyobaki kwenye karatasi.